Maji au Ugali? Huduma ya Kumeza Ianzie Zahanati

Hotuba kwa wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na walezi, Kigoma

Ndugu Mwenyekiti, waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa kata na vijiji, na ninyi mama, baba, dada na kaka mnaolisha wagonjwa nyumbani: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Kiswahili kina neno ambalo wagonjwa wetu hulisema kabla hatujaandika chochote kwenye faili: kupaliwa. Mtu mwenye afya akipaliwa na chai anakohoa, machozi yanamlengalenga, dakika mbili baadaye amesahau. Wapo wanaopaliwa kila mlo, kila siku. Wapo pia ambao chakula kinaingia njia ya hewa wala hawakohoi, kwa sababu koo lao limepoteza hisia. Kwao uji unaweza kuleta nimonia, na bakuli linalorudi jikoni nusu limejaa ndilo linalowakondesha. IDDSI, kundi la kimataifa linaloandaa viwango vya vyakula na vinywaji kwa watu wenye shida ya kumeza, linakadiria kuwa tatizo hili linawagusa watu wapatao milioni 590 duniani, yaani kama asilimia 8 ya watu wote.

Mada ya leo ni usawa katika huduma, na hapa Kigoma usawa ni suala la safari. Kwa Reli ya Kati, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo si jirani. Kabla hata ya kufika stesheni au stendi, mgonjwa wa vijiji vya mwambao wa kusini wa Uvinza huenda ameanza na boti, na wa milimani Buhigwe ameanza na bodaboda. Hesabu nauli yake, nauli ya msindikizaji, pa kulala, na siku ambazo shamba halikulimwa. Tunaweza kumkosea mgonjwa huyu kwa njia mbili. Tunaweza kumsafirisha wakati angehudumiwa vizuri kabisa hapa hapa. Au tunamwacha nyumbani na dawa za tumbo wakati kila wiki inayopita inampunguzia nafasi ya kupona. Mwenye fedha atalirekebisha kosa letu kwa kukata tiketi mwenyewe. Asiye nazo atabaki nalo. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kujua mapema nani asafiri na nani abaki, na anayebaki apewe huduma iliyokamilika.

Kujua huko kunaanza na swali ambalo halihitaji mashine: kipi kinakusumbua zaidi, maji au ugali?

Angalieni jinsi tunavyouliza sasa. Muuguzi anasema, "Dada, mama anakula?" Binti anajibu, "Anakula." Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa anakula. Hakuna aliyedanganya, lakini hakuna kilichojulikana. Muulize, "Chai je?" Ndipo binti atakwambia, "Chai inampalia, siku hizi tunampa uji mzito tu." Muulize pia anatumia muda gani kumaliza bakuli, sauti inakuwaje baada ya kunywa, na nguo zimelegea tangu lini. Hayo maswali manne ni ya dakika mbili.

Niwaeleze kwa nini swali la maji au ugali lina nguvu. Koo ni njia panda: hewa na chakula vinapita mlango mmoja, kisha vinaachana. Tonge likisukumwa nyuma na ulimi, kaakaa laini linainuka kuziba njia ya pua, kikoromeo kinapanda juu na mbele, njia ya hewa inajifunga, pumzi inakatika kidogo, na mlango wa umio, yaani bomba linaloshusha chakula tumboni, unafunguka. Yote hayo ni kama sekunde moja. Maji yanakimbia kuliko kitu chochote tunachomeza, kwa hiyo misuli ikichelewa hata kidogo yanafika kabla mlango haujafungwa. Ndiyo sababu mtu aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa wa Parkinson, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupaliwa na maji, chai na mchuzi mwepesi, huku kitu kizito kidogo kikishuka salama. Tatizo lao liko juu, kooni.

Ikiwa maji yanapita na ugali unagoma, mara nyingi tatizo liko chini, kwenye umio: njia imekuwa nyembamba. Umio wa mtu mzima hutanuka zaidi ya sentimita 2. Ukibanwa ukabaki milimita 13 au pungufu, vyakula vigumu vinaanza kukwama. Mgonjwa ataweka kiganja kifuani aseme, "Kinakwama hapa." Msitegemee sana mahali anapoonyesha, maana kizuizi cha chini kabisa kinaweza kuhisiwa shingoni.

Kuna kundi la tatu ambalo nitalipita haraka, kwa sababu dawa yake ipo karibu: vyote vinapita lakini vinauma. Kwa mtu anayeishi na VVU, angalia mdomoni. Ukiona utandu mweupe, fangasi wanaweza kuwa wameshuka hadi kwenye umio, na flukonazoli kwa siku 14 hadi 21 huwatibu wengi wao. Huyo hana sababu ya kupanda treni, ila asipopata nafuu ndani ya wiki moja hivi apelekwe mbele.

Turudi kwa ugali unaogoma. Tanzania imo katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, wenye saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwenendo wake unatambulika. Mtu anaacha nyama kwanza. Baadaye anaacha ugali, halafu wali. Mwisho anaishi kwa uji na chai, na yote hayo ndani ya miezi michache. Kinachomchelewesha ni kupewa dawa za vidonda vya tumbo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa sababu kila mara anahudumiwa na mtu mwingine. Naomba tukubaliane hivi: mtu mzima ambaye chakula kigumu kinakwama na uzito unapungua asirudishwe nyumbani na dawa za tumbo peke yake. Siku hiyo hiyo aandikiwe rufaa ya kupimwa umio kwa kamera.

Na rufaa yenyewe iandikwe vizuri, maana barua mbovu inamrudisha mgonjwa njia nzima. Andika tatizo lilianza lini, aliacha chakula gani kwanza, uzito wa sasa na wa zamani kama upo, kama anatapika damu, kama sauti imekwaruza, kama anavuta sigara, na kama aliwahi kunywa kostiki ya kutengenezea sabuni. Kisha piga simu unakompeleka. Uliza kamera inafanya kazi, siku gani, na afunge kula kuanzia saa ngapi. Simu ya dakika tano inaweza kumwokolea mtu wiki ya kulala kwenye korido. Hata saratani iliyochelewa ina la kufanyiwa: bomba laini la waya linaloitwa stenti linapitishwa kwa kamera bila kumpasua, na mgonjwa anaanza tena kunywa uji na kula vyakula laini ndani ya siku chache. Mtu ambaye hatapona naye ana haki ya kumeza.

Nimetaja kostiki, na hapa Kigoma siwezi kuipita juu juu. Mkoa huu ni wa mawese, na palipo na mawese pana sabuni ya kienyeji. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 140 za kostiki soda. Kostiki ikishayeyushwa haina rangi, ukiitazama ni maji. Inayobaki inamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, inawekwa chini ya meza, na mtoto anarudi kucheza akiwa na kiu. Funda moja linatosha kuunguza umio wote. Mtoto akipona mdomo watu wanashukuru na kurudi nyumbani, kumbe kovu linaanza kubana kuanzia kama wiki ya tatu. Miezi miwili baadaye mtoto anatema hata mate yake. Huyo atahitaji kutanuliwa umio mara nyingi, pengine kwa miaka.

Ajali ikitokea, msimtapishe, kwa sababu kikipanda kinaunguza mara ya pili. Msimpe ndimu wala siki eti kuua makali, wala msimmiminie mafuta. Msuuzeni mdomo kwa maji, ateme, mpelekeni hospitali na ile chupa mkononi. Na hata akionekana mzima, arudishwe kuangaliwa wiki ya tatu na baada ya hapo. Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya sabuni ni miongoni mwa wanaonufaika. Afisa maendeleo ya jamii anayekagua kikundi hicho akague pia kostiki inahifadhiwa wapi. Iwe kwenye chombo kisichofanana na cha kunywea, chenye mfuniko wa kukaza na alama, juu na chini ya kufuli. Maji ya kostiki yayeyushwe kwa kiasi cha siku hiyo, yasibaki.

Wawili wengine wa kuharakishwa ni mtoto aliyemeza betri ndogo ya duara, ambayo inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, na mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki wetu mgebuka. Tabia yetu ya kumeza tonge kubwa la ugali ili lisukume mwiba inaweza kuuchimbia ndani zaidi. Aache kula, aende akaangaliwe.

Sasa niwageukie wanaobaki, yaani wale wa kooni, kwa kuwa hao ndio wengi mnaowaona vitandani na majumbani.

Mgonjwa wa kiharusi anaposhushwa kwenye gari, ndugu wa kwanza anaulizia chai. Ni upendo, na ndipo hatari inapoanzia. Miongozo ya Uingereza inataka kumeza kupimwe ndani ya saa 4 tangu mgonjwa afike, kabla ya chakula, kinywaji au kidonge chochote cha mdomo. Sioni kwa nini tushindwe hapa, kwa sababu vifaa ni kijiko cha chai, kikombe na maji. Kwanza mtazame. Kama amesinzia, hawezi kukaa hata kwa kuegemezwa, au mate yake mwenyewe yanamshinda, usimpime. Bado hajawa tayari, na kumpima ni kumpalia. Kama yuko macho, mkalishe wima, msafishe mdomo, mwambie akohoe na aseme "aaa" ili uijue sauti yake. Mpe maji kijiko kimoja cha mililita 5, ngoja ameze, rudia mpaka vijiko vitatu. Kila mara weka vidole viwili kwenye kikoromeo uhisi kinapanda. Vikipita salama, mpe mililita 90 anywe mfululizo bila kusimama. Ngoja dakika moja nzima, kisha aseme "aaa" tena. Akikohoa, akishindwa kumaliza, pumzi ikibadilika, au sauti ikawa ya majimaji kama mtu anayesukutua, hajafaulu.

Asiyefaulu apimwe tena kesho yake, na kesho kutwa. Wengi hurudiwa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni makosa kumwandika mtu "asile kwa mdomo" halafu maandishi yale yakabaki mwezi mzima bila mtu kuyarudia. Ukweli mwingine ni kwamba kipimo hiki kinawakosa baadhi ya wanaopaliwa kimya. Mgonjwa aliyefaulu lakini anapata homa za kurudiarudia, kifua kinakoroma baada ya kula, au anakonda, huyo ana haki ya rufaa ya picha ya eksirei ya kumeza au kamera ya puani.

Aliyeshindwa maji huenda akaweza kizito zaidi, na hapa ndipo watu hukisia. Mmoja anasema "uji mzito", mwenzake anaelewa kitu kingine. Unga wa muhogo si sawa na wa mahindi, ulezi si sawa na mtama, na wa duka hili si sawa na wa duka lile, kwa hiyo siwezi kuwapa idadi ya vijiko. Nawapa namna ya kupima. IDDSI wamepanga vinywaji na vyakula kwa ngazi 0 hadi 7, na vinywaji ni 0 hadi 4. Chukua sirinji ya mililita 10. Ipime kwa rula kwanza: kutoka mstari wa 0 hadi wa 10 iwe milimita 61.5, kwa sababu sirinji nene au nyembamba itakupa jibu la uongo. Chomoa kisukumio, ziba ncha kwa kidole, jaza uji hadi 10. Achia kidole, hesabu sekunde 10 kwa saa ya simu, ziba tena. Soma kilichobaki. Ikiwa hakijafika mililita 1, hiyo ni ngazi 0, sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Kati ya 4 na 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8 lakini kuna kilichodondoka, ngazi 3. Kama hakikudondoka kabisa, angalia kwa kijiko: kibaki na umbo lake, na ukiinamisha kijiko kianguke chote kwa pamoja bila kunata. Hiyo ni ngazi 4.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki majumbani. La kwanza ni joto. Uji uliopimwa ukiwa wa moto ukawa ngazi 2, ukipoa unaweza kuwa ngazi 4, kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lile lile atakalonyweshwa. La pili mama zetu wanalijua vizuri: mate hukata uji. Kijiko kinatoka mdomoni, kinarudi kwenye bakuli, kinatoka tena, na kufikia katikati ya mlo uji ulioanza mzito umekuwa maji, mgonjwa anaanza kupaliwa, na kila mtu anashangaa maana mwanzoni alikula vizuri. Toa kidogo kidogo kwenye kikombe kingine na umlishe kutoka hapo, bakuli kubwa lisiguswe na kijiko chake. Kwa sababu hiyo hiyo, unga wa kimea haufai kwa uji huu.

Uzito nao una gharama. Mtu anayenyweshwa vizito tu hunywa kidogo na kuishiwa maji mwilini, na kitu kizito mno hubaki kooni baada ya kumeza. Kwa hiyo mpe ngazi nyepesi kabisa anayoimudu, si nzito kabisa unayoweza kupika. Mtu mzima alenge kama lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, na mkojo ukiwa wa njano iliyokolea ongezeni.

Kwa chakula, jihadharini na vyenye majimaji na vipande pamoja: mchuzi mwepesi wenye nyama, embe linalochuruzika, wali wenye supu. Maji yanatangulia, kipande kinabaki nyuma. Wali mkavu unasambaa, ugali wa muhogo unavutika na kuganda kwenye kaakaa. Wenzetu mliotoka Tabora, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni ya watu wenye meno na nguvu ya kutafuna. Vizuri ni viazi vitamu vilivyopondwa na maziwa, parachichi, ndizi iliyoiva, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda, mgebuka uliotolewa miiba yote na kupondwa na mchuzi mzito. Kwa mtu mzima anayehitaji chakula cha kupondwa, vipande visizidi milimita 4, sawa na nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida. Kwa mtoto visizidi milimita 2. Na asali yetu nzuri ya Tabora isitumike kwa mtoto chini ya mwaka 1, hata kidogo.

Namna ya kulisha ina uzito kuliko kilichopikwa. Picha tunayoikuta mara nyingi ni hii: mgonjwa amelala chali, mlezi amesimama juu yake, kichwa kimeinuliwa nyuma, uji unamiminwa. Kichwa kikienda nyuma njia ya hewa inakuwa wazi. Mkalishe wima, mito au mabunda ya nguo yamshike ubavu uliopooza, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Mlezi akae, macho yake yawe usawa wa macho ya mgonjwa au chini kidogo. Nusu kijiko cha chai kwa mara moja, upande wenye nguvu. Usiongeze kingine mpaka uone kikoromeo kimepanda na kushuka. Kila baada ya vijiko vichache tazama shavu la upande uliopooza, maana chakula hujificha hapo na yeye hakihisi. Akimaliza abaki amekaa dakika 30. Vidonge visipondwe bila kuuliza, kwa sababu vile vinavyotoa dawa polepole vikipondwa vinamwaga dozi nzima kwa mkupuo.

Na mswaki. Mate yanaingia njia ya hewa mchana na usiku, hata kwa mtu asiyelishwa chochote kwa mdomo, na uchafu wa kinywani ndio unaogeuka nimonia. Mswaki laini mara mbili kwa siku, meno, ulimi, ndani ya mashavu, hata kwa bibi asiye na jino, hata kwa anayelishwa kwa mpira wa puani. Katika yote niliyosema leo, hili ndilo la bei ndogo kabisa.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anza na makalio. Nyonga zikunjwe pembe mraba, miguu ikanyage kitu, kichwa kiwe katikati na mbele kidogo. Kona ya ukuta na beseni lililozungushiwa khanga vinaweza kumshika wakati kiti bado hakijapatikana. Kijiko bapa, kikandamize katikati ya ulimi, kitoke moja kwa moja bila kukwangua ufizi wa juu. Mlo usizidi dakika 30, maana baada ya hapo anachoka na kupaliwa. Afadhali milo mitano au sita midogo. Kwa kuwa anakula kidogo, kile kidogo kibebe nguvu: kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kama kilokalori 120, na mawese mekundu yana vitamini A. Karanga zilizosagwa zichanganywe ndani ya uji, zisipewe peke yake kwani zinanata. Ninawasihi pia, kama mtoto hanyonyi vizuri au anakohoa akila, msimpeleke kukatwa kimio. Kimio hakina hatia. Mtoto anarudi akivuja damu, anaweza kupata pepopunda, na tatizo la kumeza liko pale pale.

Wachache watahitaji mpira wa puani. Urefu unapimwa kutoka pua hadi ndewe, sehemu laini ya chini ya sikio, hadi mwisho wa mfupa wa kifua, na alama inawekwa puani kwa plasta. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakutoshi, kwa sababu mpira ulioingia pafuni nao unaweza kutoa mlio. Vuta majimaji, pima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa asidi: 5.5 au chini yake, endelea. Ikizidi, au hupati majimaji, usilishe mpaka eksirei. Nyumbani familia ikumbuke hivi: alama imesogea, hakuna kulisha. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na dakika 30 hadi 60 baadaye. Uji uchujwe, na maji safi ya mililita 30 yapite kabla na baada, la sivyo mpira unaziba siku ya pili, na mpira ulioziba kule Kalya, kusini mwa Uvinza, ni safari nyingine. Ikionekana atauhitaji zaidi ya wiki nne hadi sita, azungumziwe mpira wa tumboni.

Waheshimiwa madiwani na watendaji, ninyi mna kalamu. Wataalamu wa tiba ya kumeza nchini ni wachache mno, hivyo tusiwasubiri kila kata. Tuwatumie kufundisha na kusimamia kwa simu. Fomu ya kumpokea mgonjwa iwe na mstari mmoja: kumeza, amepimwa au hajapimwa, saa ngapi. Orodha ya manunuzi iwe na sirinji za mililita 10, mipira ya kulishia ya watoto na ya watu wazima, karatasi za pH. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023; mnapokaa kujadili kitita cha huduma za bima, ulizeni kama kamera ya umio, kutanua umio na kubadilisha mpira vimo. Ndugu zetu wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoanza 1996, waulizwe swali la maji au ugali kwa Kirundi au kwa Kiswahili cha Kongo, na mtu anayekijua. Mwangalieni pia anayelisha. Kazi hii ya saa tano hadi sita kwa siku mara nyingi inamwangukia binti aliyetakiwa kuwa darasani. Ratiba ya zamu ndani ya ukoo ni sehemu ya matibabu, na mhudumu wa afya anayetembelea kaya aiulizie kama anavyoulizia dawa.

Maneno yangu yanaishia hapa. Mezani pale kuna sirinji, rula na sufuria tatu: uji wa mahindi, wa ulezi na wa muhogo. Ule wa muhogo umetoka jikoni sasa hivi. Tuupime ukiwa wa moto, tuandike namba, tunywe chai, kisha tuupime tena.